Jino Lililokuwa Bado Chini ya Ufizi

"Mutoto huyu, walimukata meno akiwa mudogo?"

Dokta Nshobole aliuliza swali hilo akiwa anaosha mikono, bila hata kugeuka, kama mtu anayeuliza kama mvua ilinyesha huko mlikotoka.

"Hapana, Dokta," Mama Umwiza alijibu upesi. "Siye hatufanyake ile mambo. Siye tuko batu ba kanisa. Huyu mutoto alipimwa kilo kila mwezi, na kadi yake iko."

Na kadi akaitoa kwenye mkoba, akaikunjua, akaiweka juu ya meza ya daktari na kuilaza vizuri kwa kiganja. Jina lake la kuzaliwa ni Uwizeye, lakini tangu ajifungue mtoto wa kwanza hakuna anayelitumia isipokuwa mchungaji. Anauza fromaji, ile jibini ya Masisi, katika soko la Mabanga mjini Goma, na kati ya mambo anayojivunia duniani, la kwanza ni kwamba watoto wake hawakuguswa na waganga wa vichochoroni. Alilisema hilo sokoni, alilisema kanisani, na sasa alikuwa analisema kwa daktari wa meno kutoka Bukavu.

Kwenye benchi la ukutani alikaa mama mkwe wake, Nyiramahirwe, mikono imelala mapajani. Aliposikia lile swali moyo ulimruka. Siwezi kusema alidanganya, maana hakuulizwa yeye. Alinyamaza tu. Lakini kuna kunyamaza na kunyamaza, na huyu mama alikuwa ananyamaza hadi jasho linamtoka kwapani.

Umwiza mwenyewe, miaka tisa, alikuwa amelazwa kwenye kile kiti kirefu, mdomo wazi. Chini, upande wa kushoto, mahali ambapo mtoto huwa na chonge, hakukuwa na kitu. Hakukuwahi kuwa na kitu. Mama yake alisema ameumbwa hivyo. Ila sasa ufizi wa mahali pale ulikuwa umevimba wiki mbili mfululizo, na mtoto alikuwa anatafuna kwa shavu moja.

Daktari akainua picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa, kwenye mwanga wa dirisha.

"Muangalie hapa. Jino la ukubwa liko. Limelala ndani ya taya, halijatoka. Lakini lina shimo, hapa. Likitoka hivi, mwaka hauishi, litakuwa limeoza. Na kando yake kuna kitu kingine kidogo, kigumu, kimelifungia njia. Hiki njo kinaniogopesha."

"Ni nini, Dokta?"

"Njo pale sijue. Kama ni mutoto aliyekatwa, ningejua. Kipande cha jino kinabakiaka ndani, kinapotea njia, kinakuwa kijiwe. Hakina ubaya. Ningefungua ufizi, nitoe kijiwe, nisafishe lile shimo na kuliziba palepale, mbele jino halijatoka bado. Kisha nafunga, naliacha likuje lenyewe. Lakini unaniambia hakukatwa. Basi kitu hiki kinaweza kuwa ni ule uvimbe unaokula mufupa. Siwezi kukibembeleza. Nitatoa vyote viwili, kitu na jino."

"Na lingine litaota?"

"La ukubwa halirudiake, mama. Hili njo la mwisho."

Mama Umwiza akaikunja kadi yake polepole. Daktari akaandika siku kwenye karatasi: Alhamisi, saa mbili asubuhi, baba naye aje atie sahihi. Nyiramahirwe akainuka kutoka kwenye benchi na magoti yake yakalia.

*

Nyumba yao iko Katoyi, mbao kwa mabati, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano ambayo Papa Umwiza, Bienvenu, huyachonga kwa kazi na kuyakanyaga kwa bure. Jumatano mama alikwenda sokoni na beseni lake, baba akaenda kwenye mawe yake, na nyumbani wakabaki nyanya na mjukuu, kama siku zote ambazo hakuna masomo. Umwiza humwita Nyogokuru, kama wajukuu wote wa kule milimani.

"Nyogokuru, wakilitoa lile la ndani, nitabakia hivi tu?"

"Mungu anajua, mutoto yangu."

"Ku masomo wananiitaka Pengo. Mwalimu alituchukua picha ya mwisho wa mwaka. Aliniambia nifunge kinywa. Wengine aliwaambia wacheke."

Nyiramahirwe alikuwa anachambua maharage. Alichukua harage zima, zuri, akalitupa pamoja na mawe. Kisha akachukua lingine akalitupa. Mtoto akamwambia, "Nyogokuru, unatupa muzuri," akacheka, na mkono ukaenda mdomoni wenyewe, kama ilivyo desturi yake kila anapocheka. Yule mama aliona mkono ule ukienda, akahisi kama amechapwa.

Saa nne akaingia Donatille, mwenzake wa kwaya, ambaye walitoka naye kilima kimoja, wakakimbia vita pamoja, wakalala kambini Lac Vert hema kwa hema. Umwiza alitumwa maji. Ndipo Nyiramahirwe akatapika yaliyokuwa yanamkaba.

"Donatille, kesho watatoa jino la mutoto juu ya makosa yangu."

"Juu yako namna gani?"

"Ibyinyo. Dokta aliuliza. Mama yake akasema hapana. Miye nikafyata ulimi."

Ibyinyo ndivyo wanavyouita huko Masisi ugonjwa wa meno ya watoto wachanga. Mtoto akiharisha, akichomwa na homa, na ufizi ukavimba mweupe pale panapotokea chonge, wanasema kuna minyoo imelala ndani, na isipotolewa mtoto atakufa. Basi kuna mwanamke mwenye njiti ya baiskeli iliyonolewa. Anapasua, anachimbua, anakuonyesha viini vyeupe, laini, vidogo. Tazama minyoo, mama. Na wewe unatazama, na unaamini, maana mtoto amekulegea mikononi.

Umwiza alikuwa na miezi saba, wakati huo bado wanaishi kule milimani. Mama yake alikuwa ameteremka Goma kuuza, siku kumi, na kabla ya kupanda gari alimwambia mama mkwe wake maneno haya: "Akigonjwa, ni lopitali. Musimukate." Mtoto akaugua siku ya nne. Njia ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa risasi, na Nyiramahirwe alikuwa ameshazika wawili wake mwenyewe kwa kuharisha. Msimhukumu haraka. Siku ya tatu baada ya kukatwa homa ikateremka, mtoto akanyonya maziwa ya ng'ombe kwenye kitambaa, na tangu hapo, kwa miaka minane, yule mama amekuwa akimshukuru Mungu kila Jumapili kwa ile siku. Siri aliificha, lakini shukrani yake ilikuwa ya kweli.

"Sasa sikia," Donatille alisema, akisogeza kigoda. "Yaliyopita si ndwele. Ukisema, huyu mukazamwana wako atakufukuza. Unamujua. Utaenda wapi? Kule milimani nani yuko? Kambi ilivunjwa. Nyamaza, jino ni jino tu. Wangapi hawana meno na wanakula?"

"Weye unasema vile juu njo ulimushika miguu siku ile."

Donatille akatazama mlangoni upesi, kuona kama mtoto amerudi na maji. "Nilimushika juu uliniita," alisema. Akaaga bila kunywa uji.

*

Alhamisi walimwachia ulinzi wa nyumba. Mama, baba na mtoto walitoka saa kumi na mbili na nusu, mtoto kavaa nguo ya kanisani. Nyiramahirwe alikaa kitandani. Akasimama. Akakaa tena. Akafikiri juu ya chumba kile, pembe yake, godoro lake, sahani yake, mwanawe anayemletea tumbaku ya pua Jumamosi. Katika umri ule, mtu akifukuzwa haendi mahali, anatembea tu. Kisha akaufikiria mkono wa mtoto unaokwenda mdomoni.

Akafunga mlango, akampa jirani ufunguo, akatwaa njia kwa miguu. Alitembea kwa roho mkononi. Kwenye mawe kandambili moja ikakatika kamba, akaishika mkononi, akaendelea na mguu mmoja wazi.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Mama Umwiza alikuwa karibu na mlango wa daktari, mtoto amemwegemea. Bienvenu alikuwa amesimama mbele ya meza, kalamu mkononi, karatasi ya kukubali upasuaji mbele yake.

"Usitie sahihi, Bienvenu."

Alisema kwa sauti aliyodhani ni ndogo. Mabenchi yote yakageuka. Mwanamume mmoja aliyekuwa anatafuna karanga akaacha kutafuna.

"Mama? Nyumba umeiachia nani?"

"Mutoto alikatwa," Nyiramahirwe alisema. "Alikatwa, na njo miye nilimupeleka. Dokta ajue mbele hajaanza."

Mama mmoja pale nyuma akasema "Yesu!" kwa kunong'ona, na mwingine akamfinya anyamaze, wasikose neno. Ndivyo tulivyo, aibu ya mwenzako ni redio.

Mama Umwiza alisimama polepole.

"Nilikukataza, Mama."

"Ulinikataza."

"Mguu moja ndani ya gari, nikageuka, nikakukataza tena."

"Ni kweli."

"Niliporudi ukaniambia ni dawa ya lopitali njo ilimuponyesha."

"Nilikudanganya, mutoto yangu."

"Na miye nikaapa!" Hapo sauti ilimpasuka. "Nikaapa mbele ya Dokta, nikatoa hata kadi! Miaka yote natembea najisifu, batu wananisikiliza, kumbe niko nasema bongo, uongo tu!" Akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Kilichomuuma hakikuwa kimoja, na yeye mwenyewe asingeweza kusema kipi kilizidi, jino la mtoto au fahari yake iliyoanguka mbele ya watu wa karanga.

Bienvenu aliiweka kalamu mezani. Alikuwa mtoto wa huyu na mume wa yule, na neno lolote lingemkata upande mmoja.

Mlango ukafunguka. Dokta Nshobole alikuwa amesikia. Ukuta ule ni wa mbao. Akamtazama bibi mwenye kandambili mkononi.

"Ingia, mama. Ukae hapa. Ilikuwa mwezi wa ngapi wa mutoto?"

"Wa saba."

"Upande huu tu, ao pande zote?"

"Huu tu. Upande wa pili yule mwenye kukata alisema hakuna minyoo."

"Ufizi ulitoa usaha kisha?"

"Kidogo. Siku mbili."

Daktari aliandika kila jibu. Akaichukua picha ya radio, akaitazama upya kwenye dirisha, muda mrefu, akiisogeza karibu na kuirudisha mbali. Kisha akapumua kwa nguvu, na mabega yake yakateremka.

"Ni kijiwe," alisema. "Kimekaa palepale chuma kilipopita. Papa, karatasi hii tunaichana. Tunaandika ingine. Jino silitoi."

Kisha akamgeukia Nyiramahirwe. "Kila juma nauliza batu swali hili. Mama wanakataa, ba nyogokuru wanakataa, na miye nafanya kazi gizani. Weye ni wa kwanza kukuja mwenyewe kuniambia. Aksanti, mama."

Yule mzee hakuwa amejiandaa kwa asante. Alijiandaa kwa matusi, kwa mlango, kwa barabara. Alipoambiwa asante, machozi yakamwagika bila adabu.

*

Kazi haikufika saa nzima. Sindano ya ganzi Umwiza aliililia, mengine hakuyasikia. Daktari akafungua ufizi, akatoa kijiwe, akalifikia jino lilipolala, akalikwangua lile doa laini mpaka akakuta pagumu, akaziba shimo, akashona. Alipomaliza akaita familia yote, akawaonyesha juu ya pamba: kitu cheupe, si kikubwa kuliko punje ya mtama.

"Hii njo ile minyoo," Nyiramahirwe alisema kwa hofu.

"Hapana, mama. Hakukuwa na minyoo hata siku moja. Vile vyeupe alivyokuonyesha mukataji, vilikuwa meno yenyewe. Meno ya mutoto mbele hayajakomaa yanakuwaka laini vile. Alitoa la utoto, akajeruhi la ukubwa."

"Na homa? Homa iliteremka."

"Kuharisha kuliisha kwenyewe. Mungu alimuponyesha, hata na kile kidonda. Angeweza kufa kwa kile kidonda, mama. Wengi wanakufa."

Nyiramahirwe alisimama pale. Miaka minane ya shukrani ikamgeukia. Mtoto hakupona kwa sababu ya ile siku, alipona licha ya ile siku. Akasema neno moja la Kinyarwanda, "Mana yanjye," Mungu wangu.

Niwaambieni mapema msikae na wasiwasi: jino lilitoka. Lilitoka mwaka uliofuata, limepinda kidogo, lina baka la rangi ya maziwa pale lilipozibwa, na linatafuna mahindi ya kuchoma kama jino la mtu yeyote. Lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo. Walichojua ni kwamba mtoto asafishwe kinywa mara tatu kwa siku, maji ya vuguvugu na chumvi, na kitambaa safi kwenye kidole, taratibu mno, kwa siku kumi. "Mkono usiwe na haraka," daktari alisema. "Nyuzi zikikatika, uchafu ukiingia, tumefanya kazi ya bure."

*

Siku mbili Mama Umwiza hakusema na mama mkwe wake. Chakula alimwekea, tena cha moto, lakini sahani aliiweka chini badala ya kumpa mkononi. Kinywa cha mtoto alikiosha mwenyewe alfajiri, kisha akamchukua kwenda naye Mabanga, shavu limevimba, akamketisha nyuma ya beseni la fromaji katikati ya vumbi na pikipiki. Wateja waliuliza mtoto ana nini. Akasema meno. Hakuongeza, na wala hakujisifu.

Nyiramahirwe alifunga vitu vyake kwenye kitenge: nguo mbili, Biblia, chupa ya tumbaku. Hakuambiwa aondoke. Alivifunga ili atakapoambiwa asicheleweshe watu. Bienvenu alikiona kile kifurushi, akakaa kando yake, akamshika mama yake mkono kama zamani alipokuwa mdogo. Hakuwa na ahadi ya kumpa.

Siku ya tatu asubuhi Donatille aliingia, amejifunga vizuri, mcheshi.

"Mama Umwiza, nimesikia yote. Pole! Huyu muzee alikufanyia mubaya. Usimubebe mutoto sokoni na vumbi ile. Muniachie miye. Nitamuosha kinywa, nitamuchunga, mbaka urudi."

Nyiramahirwe alikuwa pembeni, karibu na kifurushi. Alimtazama rafiki yake. Neno moja tu lilitosha: miguu. Alikuwa nalo kwenye ulimi. Akalimeza. Dhambi aliyokuja kuitubu ilikuwa yake, hakutaka kuigawa ili iwe nyepesi.

Mama Umwiza alikuwa anapuliza maji ya chumvi kwenye bakuli yapoe. Aliendelea kupuliza.

"Aksanti, Mama Donatille. Lakini mutoto yangu iko na mutu wa kumuchunga."

"Nani sasa?"

"Nyogokuru wake."

"Ee! Huyuhuyu?"

"Huyuhuyu. Sokoni batu mia moja wanaweza kunidanganya na miye sitajua. Huyu alinidanganya, na akakuja kwa miguu kunyoosha neno lake, mbele ya batu wote, akijua naweza kumufukuza. Mutu wa namna ile nikimuachia mutoto, najua nikirudi nitaambiwa kweli."

Donatille akakumbuka ana safari mahali. Hakuna aliyemzuia.

Basi Mama Umwiza akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akavuka chumba, akampa mama mkwe wake mkononi.

"Hasira ningali nayo, Mama. Sitakudanganya, na sijue itaisha lini. Lakini ungenyamaza, jino la mutoto yangu lingekuwa ndani ya ndoo ya lopitali. Aksanti. Aksanti sana." Akachukua beseni, akajitwisha, akatoka. Kule nje akarudisha kichwa mlangoni: "Na kile kifurushi ukifungue. Unatutia aibu kwa jirani."

Nyiramahirwe aliosha mikono kwa sabuni mara mbili, hadi kwenye viwiko. Akazungushia kitambaa kwenye kidole. Umwiza akaja akakaa kwenye kigoda mbele yake, magoti kwa magoti, akamtazama usoni.

"Nyogokuru, njo weye ulinipeleka kukatwa?"

"Njo miye, mutoto yangu."

"Nililia?"

"Ulilia sana. Na miye nililia."

Mtoto akaligusa shavu lake.

"Miye sikumbuki," alisema. Akainua kidevu, akafumba macho, akafungua kinywa.